Kichujio Kinachopitisha Hewa Nyingi si Kichujio Bora

Imani kwamba kichujio cha hewa cha pamba iliyopakwa oili, kile kinachooshwa na kurudishwa, huliongezea gari nguvu na kupunguza unywaji wa petroli, imekita mizizi katika gereji na maduka ya vipuri kiasi kwamba anayeihoji huonekana mgeni wa magari. Hoja yenyewe ni nyepesi: injini hupumua, kwa hiyo kila kinachoirahisishia pumzi huirahisishia kazi. Kinachosahauliwa ni kwamba katika injini ya petroli kizuizi kikubwa cha hewa si kichujio bali ni kilango, yaani kibati cha duara kinachofunguka kadiri dereva anavyokanyaga pedali. Na dereva aliyekwama kwenye foleni ya Ubungo, ambaye pedali hajaikanyaga hata robo, anaikaba injini kwa mguu wake mwenyewe zaidi kuliko kichujio chochote cha kawaida cha karatasi kinavyoweza kuikaba.

Suala la petroli lilikwisha kupimwa. Mwaka 2009 watafiti wa maabara ya taifa ya Oak Ridge nchini Marekani waliviziba vichujio vya magari ya kisasa kwa makusudi, na hawakuona tofauti ya maana katika unywaji, ingawa magari yalichelewa kuchanganya pedali ilipokanyagwa hadi mwisho. Sababu ni kwamba kompyuta ya injini, ikisaidiwa na sensa ya oksijeni iliyo kwenye ekzosi, huipima petroli kulingana na hewa iliyoingia, takribani gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya petroli, na hewa ikipungua petroli nayo hupunguzwa. Lililoonyesha hasara ni gari la zamani la kabureta, ambalo halina kompyuta hiyo. Basi ikiwa hata kichujio kilichozibwa hakiongezi unywaji, cha pamba kitaokoa petroli ipi?

Jambo zito ni vumbi. Lita moja ya petroli huungua pamoja na takribani lita 9,000 za hewa, na katika barabara ya udongo mwekundu, nyuma ya lori, hewa hiyo hubeba chembe za mchanga za maikroni 5 hadi 20 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita, na unywele wa mtu hukaribia 70), ambazo hupenya kwenye utando wa oili kati ya ringi za pistoni na ukuta wa silinda zikausugua kama msasa. Kwa kipimo cha vumbi linalopenya, kichujio kinachonasa asilimia 98 ya vumbi hupitisha mara mbili ya kile kinachonasa asilimia 99, japo kwenye boksi la dukani tofauti hiyo haimshtui mtu. Karatasi iliyokunjwakunjwa, inayodharauliwa kwa bei yake, hunasa vizuri zaidi ikishaanza kuchafuka, kwa kuwa vumbi lililotangulia hugeuka chujio la linalofuata. Ndiyo maana fundi anayeipuliza kwa kompresa kila wiki huiondolea kinga hiyo, na mara nyingine huitoboa matundu yanayoonekana ikishikwa mbele ya tochi.

Pamba, mbali na kupitisha vumbi kwa urahisi kama inavyopitisha hewa, ina balaa lake jingine: ikipakwa oili kupita kiasi, oili hufika kwenye sensa ya kupimia hewa, ambayo katika magari mengi ni uzi mwembamba unaopashwa moto, na uzi huo ukichafuka husoma uongo. Kinachoongezeka kwa hakika ni mngurumo, na sikio la dereva huuhesabu kuwa ndio nguvu.

Hata hivyo si kila karatasi hufaa. Nakala ya bei ya kutupa, ambayo mpira wake wa pembeni haukai sawasawa ndani ya nyumba ya kichujio, huacha mwanya ambamo hewa hupita bila kuchujwa, na kitambaa cheupe kikipitishwa ndani ya bomba lililo nyuma yake hutoka na wekundu uleule wa barabara.