Kichwa Changu Si Kompyuta, Bana

Siku hizi hapa Machakos kila mtu ni fundi wa kichwa cha mwenzake. Ukisahau jina la mtu, eti memori imejaa. Mtoto akifeli hisabati, eti prosesa yake ni hafifu. Utani, sawa. Lakini utani huo umeingia darasani, na huko unaumiza.

Mwaka 1936, Mwingereza Alan Turing alibuni kwa mawazo mashine moja inayoweza kufanya hesabu ya mashine nyingine yoyote, mradi ipewe maagizo. Mfano wake aliutoa wapi? Kwa binadamu: mtu mwenye penseli na karatasi, anayefuata kanuni hatua kwa hatua. Yaani mashine ndiyo iliyotuiga, tena katika kazi moja tu. Leo tumegeuza, eti sisi ndio tunaofanana nayo!

Najua utaniambia: si ubongo pia unaweza kufuata maagizo yoyote? Basi ni kompyuta ya kazi zote. Hapana. Naweza kubeba maji, lakini mimi si mtungi.

Kompyuta ukiiwekea programu mpya, mashine yenyewe inabaki ilivyokuwa, na programu hiyo unaweza kuinakili kwenye mashine elfu. Sasa nenda Wamunyu, ambako uchongaji wa vinyago umerithishwa tangu Mutisya Munge arudi kutoka Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwombe mchongaji akuwekee ujuzi wake kwenye flashi. Atakucheka, kisha akupe tezo na kipande cha mti. Ubongo ukijifunza, wenyewe hubadilika: miunganisho kati ya seli zake huimarika au hulegea. Hakuna programu iliyo kando na nyama. Na mabadiliko hayo huchukua muda, mazoezi na usingizi.

Ndiyo maana nakasirika. Tunamwamsha mwanafunzi saa kumi usiku, tunammiminia noti kama faili, tunamnyima usingizi ule ule ambao ubongo huutumia kuimarisha kumbukumbu. Matokeo ya KCSE yakitoka mabaya, tunasema kichwa chake ndicho kibovu. Kwani nani alikiharibu?

Walimu, wazazi, acheni kupima prosesa za watoto. Waacheni walale. Wapeni mazoezi, wapeni nafasi ya kukosea na kurudia. Halafu ndipo tuzungumze kuhusu nani ana akili na nani hana.