Presha Haingoji Siku ya Maadhimisho

Pongwe, katika barabara itokayo Tanga kwenda Muheza, inajulikana kwa mawe ya chokaa na kiwanda cha saruji. Kwa wafanyakazi wengi wa huko, shinikizo la damu ni presha tu, nayo "hupanda" na "kushuka". Ikipanda dawa humezwa. Ikishuka huwekwa kabatini. Msemo huo mdogo unaua watu.

Ugonjwa huu hauji na kuondoka kama homa. Hukaa mwilini miaka mingi bila maumivu, ukiharibu mishipa, moyo na figo, mpaka siku mtu anapoanguka kwa kiharusi na majirani wakasema amepigwa na upepo mbaya. Aliyepimwa siku mbalimbali akaonekana amefikia 140 kwa 90 ni mgonjwa, hata kama anabeba mawe kutwa nzima. Akiandikiwa vidonge, ni vya kila siku.

Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba takriban mtu mmoja katika kila wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64 alikuwa na shinikizo la juu. Novemba 2019 Serikali ilizindua mpango wa taifa wa kupambana na magonjwa yasiyoambukiza. Ni hatua njema. Lakini elimu inayowafikia wananchi wengi ni ya siku moja: hema, foleni, kipimo, hotuba, kisha watu hutawanyika.

Taifa hili liliwahi kufanya vizuri zaidi. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu na kujadiliana wiki baada ya wiki, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo.

Vikundi vya namna hiyo havina budi kurudi, Pongwe na kwingineko, wachonga mawe, madereva na mama lishe wakipimwa na kuulizana habari za dawa. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isifike gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai. Mama lishe anayemloweka papa mkavu na kumwaga maji yale kabla ya kumpika huwakinga wateja wake wote. (Wala si haki kumlaumu mgonjwa aliyeacha vidonge ikiwa zahanati yenyewe haikuwa navyo.) Kila kikundi kipewe mashine ya kupimia, na mhudumu wa afya wa mtaa afunzwe kuitumia, kabla ya fedha kutumika kwa hema jingine.