Bujumbura: Mimbari za Buyenzi na mtihani wa simu ya mkononi

Kila inapozungumziwa nafasi ya Waislamu katika miaka ya umwagaji damu nchini Burundi, hutajwa Buyenzi, mtaa wa Waswahili ulio kando ya mto Ntahangwa mjini Bujumbura. Husemwa kwamba Rais Melchior Ndadaye alipouawa tarehe 21 Oktoba 1993, na mitaa mingi ya mji ikagawanyika kati ya Wahutu na Watutsi, Buyenzi ulibaki mtaa wa wote, na kwamba sababu ni mahubiri: maimamu walikataza, waumini wakatii. Maelezo hayo yana ukweli ndani yake, ila hayatoshi. Na kwa kuwa mimbari hizo leo zina mshindani katika kila mfuko wa shati, inafaa kujiuliza nguvu yake ilitoka wapi.

Uislamu ulifika katika ukanda huu na wafanyabiashara wa pwani waliokuwa na makao yao Ujiji. Mwami Mwezi Gisabo aliyazuia majeshi ya Rumaliza yasipande milimani, hivyo dini ikabaki ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Wajerumani walikuja na askari na makarani waliozungumza Kiswahili. Wabelgiji waliowafuata waliwatazama watu hao kwa shaka, wakawatengea mtaa wao. Elimu ilikuwa mikononi mwa wamisionari, na mzazi Mwislamu aliyeogopa mwanawe abatizwe alimweka madrasa. Matokeo yake yalidumu vizazi kadhaa: Waislamu wachache mno ofisini, wachache mno jeshini, na wengi kwenye biashara, udereva, ushonaji na ufundi wa magari, kazi ambayo Buyenzi unasifika kwayo hadi sasa. Sensa ya mwaka 2008 iliwahesabu kuwa asilimia 2.5 tu ya Warundi.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Mapambano ya Burundi yalikuwa, kwa sehemu kubwa, ya kugombea dola: nani ashike jeshi, nani ashike utawala. Mkazi wa Buyenzi hakuwa na fungu kubwa la kupata au kupoteza katika mgawanyo huo. Alikuwa pia na jina la tatu la kujiita: Mswahili. Lugha ya pamoja peke yake haikinzi mauaji, kwani Wahutu na Watutsi wote huzungumza Kirundi na bado waliuana. Kiswahili kiliwapa watu wa Buyenzi utambulisho uliokuwa nje ya daftari la Wahutu na Watutsi, na mhubiri akakuta shamba limekwisha limwa. Hata Rwanda, Waislamu wa Biryogo mjini Kigali waliosifiwa kwa kuwaficha majirani zao mwaka 1994 walikuwa watu wa namna hiyo hiyo, waliowekwa pembeni tangu ukoloni.

Sifa hiyo isitiwe chumvi. Machi 1995 mashambulizi yalifika Buyenzi na mtaa jirani wa Bwiza, na maelfu ya wakazi wakavuka mpaka kukimbilia Uvira. Hakuna khutba iliyoweza kuwazuia wenye bunduki waliotoka nje ya mtaa.

Hali ya kuwa pembeni nayo ilifikia mwisho. Baada ya uchaguzi wa mwaka 2005, Mwislamu, Hussein Radjabu, akiwa mwenyekiti wa chama tawala cha CNDD-FDD, alihesabiwa miongoni mwa watu wenye nguvu kuliko wote nchini. Aliondolewa uongozini Februari 2007, akafungwa, kisha akatoroka gereza la Mpimba Machi 2015. Kwa Waislamu wengi kupanda kwake kulikuwa fahari, na kuanguka kwake somo chungu. Tangu hapo imamu anayenyamaza kuhusu siasa na imamu anayesema, wote wawili huulizwa wako upande gani.

Mwaka 2015 ulileta badiliko jingine. Katika jaribio la mapinduzi la mwezi Mei, redio binafsi, zikiwemo RPA, Isanganiro na Bonesha, ziliharibiwa. Mji uliozoea kupata habari redioni ukahamia kwenye WhatsApp, na mahubiri yakahamia huko pia. Mhubiri wa Buyenzi, aliyekuwa akisikilizwa na watu wanaomjua baba yake, sasa hugombania masikio na wahubiri wa Mombasa, Dar es Salaam na Ghuba ambao hawajawahi kukanyaga Bujumbura.

Wengi wao hawana ubaya. Lakini rekodi za Sheikh Aboud Rogo wa Mombasa, aliyewekewa vikwazo na Umoja wa Mataifa na kisha kuuawa kwa risasi Agosti 2012, zimeenea mbali na Kenya bila kuhitaji mkalimani. Burundi ilipeleka wanajeshi Somalia kuanzia Desemba 2007, na baada ya mabomu ya Kampala ya Julai 2010 yaliyoua watu zaidi ya 70, al-Shabaab iliitishia Bujumbura waziwazi. Kiswahili kilichokuwa kinga ya Buyenzi ndicho pia mlango wake.

Kuufunga mlango huo haiwezekani, na serikali inayojaribu kufanya hivyo hupoteza muda. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipotaka kuitikisa jamii ya Mombasa mwaka 1932 hakuishia msikitini. Alianzisha gazeti la Al-Islah. Maimamu wa Bujumbura wanahitaji ujasiri kama huo, wakijua kwamba khutba ya nusu saa ikikatwa kuwa kipande cha dakika moja hupoteza kwanza masharti na tahadhari zake.

Kuna ugumu mwingine, ambao mtu wa tafsiri huuona upesi. Aya ya 13 ya Sura ya al-Hujurat, kimbilio la wahubiri wa Afrika Mashariki wanapokemea ubaguzi, inataja makabila, na neno letu kabila limetoka katika Kiarabu hicho hicho. Kwa Kiswahili aya hiyo husikika kama jambo la wanadamu wote. Lakini waumini wa Gitega na Muyinga wanahitaji khutba kwa Kirundi, na huko neno lililo karibu zaidi ni ubwoko, lile lile ambalo kwa miongo kadhaa limetumika kumuuliza mtu kama ni Mhutu au Mtutsi.