Ladha bandia: Nani anamlinda mlaji wa Lodwar na Kakuma?

MADUKANI mjini Lodwar, na katika soko la kambi ya Kakuma iliyo umbali wa kilomita 120 hivi kutoka hapo, peremende, biskuti na unga wa sharubati huuzwa kwa ladha ya chungwa, embe au stroberi. Mara nyingi tunda lenyewe halimo. Kilichomo ni kemikali ya kiwandani, ambayo pakiti huitaja kwa neno moja au mawili ya herufi ndogo.

Neno "bandia" pekee halitoshi kuzua hofu. Vanilini ya kiwandani, kwa mfano, haina tofauti ya kikemia na ile iliyomo katika vanila halisi. Kamati ya wataalamu wa FAO na WHO kuhusu viungio vya chakula (JECFA), iliyobuniwa mwaka wa 1956, iliruhusu hadi miligramu 10 za vanilini kwa siku kwa kila kilo ya uzani wa mlaji. Kwa hesabu hiyo, mtu mzima wa kilo 70 ana nafasi ya miligramu 700, ilhali mtoto wa kilo 10 ana 100 pekee. Katika kaunti ambayo ukame huwakondesha watoto mara kwa mara, tofauti hiyo si jambo la kupuuzwa.

Isitoshe, idhini si ya milele. Mnamo Oktoba 2018, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani (FDA) iliondoa ladha saba za sintetiki katika orodha yake. Sita kati ya hizo, zikiwemo benzofenoni na pulegoni, zilikuwa zimesababisha saratani kwa wanyama wa maabara. FDA ilisisitiza kuwa viwango vilivyokuwa vikiliwa havikuwa tishio kwa binadamu, ila sheria ya mwaka wa 1958 haikuiachia hiari. Mnamo 2024, Muungano wa Ulaya nao ulikataa kuhuisha idhini ya ladha nane za moshi kwa sababu ya shaka kuhusu athari zake kwa chembechembe za urithi.

Humu nchini, sheria hazikosekani. Sheria ya Vyakula, Dawa na Kemikali, Sura ya 254, inakataza uuzaji wa chakula chenye madhara au chenye lebo ya udanganyifu. Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) huweka viwango, na tangu 2005 bidhaa nyingi za kigeni hutakiwa kukaguliwa kabla ya kusafirishwa kuja nchini. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mlaji haki ya kupata habari na kulindwa kiafya. Aidha, Jedwali la Nne linazikabidhi kaunti jukumu la kutoa leseni na kudhibiti wauzaji wa vyakula.

Tatizo ni utekelezaji. Afisa wa afya ya umma anaweza kusoma tarehe ya mwisho ya matumizi na kutazama nembo ya ubora, lakini macho hayawezi kupima kemikali. Kazi hiyo ni ya maabara, na makao makuu ya KEBS yako Nairobi, zaidi ya kilomita 600 kutoka Lodwar. Tena, pakiti ikishafunguliwa na unga kuuzwa kwa vijiko, lebo hubaki dukani.

Kakuma ina ugumu wake. Kambi hiyo, iliyoanzishwa mwaka wa 1992, ina wakimbizi kutoka Sudan Kusini, Somalia, Ethiopia, Kongo na kwingineko, ambao wengi wao hawasomi Kiingereza cha lebo. Mpango wa Bamba Chakula, ulioanza 2015, uliwapa uhuru wa kujichagulia chakula madukani. Hata hivyo, uhuru huo uliwatwika pia mzigo wa kutambua kilicho salama. Mgao ulipopunguzwa mno mwaka wa 2025, kishawishi cha kutuliza njaa ya mtoto kwa kitu tamu cha bei nafuu kilizidi.

Yapo yanayowezekana bila gharama kubwa: kaunti kupeleka sampuli maabara kwa ratiba maalumu, matokeo kutangazwa redioni kwa Kiturukana, Kiswahili na lugha za kambini, na wenye maduka kufunzwa kutouza unga usio na lebo. Mtoto wa Turkana atafunaye eng'ol, tunda la mkoma, anajua limetoka mti gani. Anywaye sharubati ya dukani ana haki ya kujua vivyo hivyo.