Rangi ya Ukuta na Haki ya Jirani



Ndugu zetu wasomaji, familia zetu nyingi hapa Kenya zimehamia katika esteti za geti moja, Nairobi, Mombasa na miji mingine. Humo tunapata usalama, maegesho ya gari na uwanja wa watoto kuchezea. Tunapata pia jambo ambalo wazee wetu hawakulijua: kamati inayoamua ukuta wa nje wa nyumba yako upakwe rangi gani, na upakwe lini. Jambo hili linatia chuki baina ya majirani. Kuna familia zilizopokea barua za faini kwa kupaka rangi isiyotakiwa, na nyengine kwa kuchelewa tu kupaka. Basi tumeona ni vyema tulizungumze.

Rai yetu ni kwamba kanuni ya rangi ni mapatano ya majirani. Anayeishi ndani yake aitimize, na anayeisimamia asiifanye kuwa fimbo ya kumpigia asiye na uwezo.

Tuanze na wajibu wetu sisi wenye nyumba. Mtu anaponunua nyumba katika esteti ya namna hii, hununua pamoja na masharti. Katika esteti nyingi mnunuzi hupewa hisa katika kampuni ya usimamizi, na mkataba wake husema kuwa sura ya nje ya nyumba haibadilishwi bila idhini. Kwa wenye fleti na majengo ya kugawana, ipo sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya mwaka 2020, iliyoanza kutumika tarehe 28 Disemba mwaka huo. Sheria hiyo inawakusanya wamiliki wa jengo katika shirika lao moja lenye kanuni zake. Aliyetia sahihi, ametia sahihi. Aya ya kwanza ya Suratul Maidah inatuamrisha kutimiza mikataba, na mkataba wa nyumba ni mkataba kama mwengine. Kwa hiyo kauli ya "nyumba ni yangu, nitapaka nipendavyo" haina nguvu. Ukuta wa ndani ni wako, lakini wa nje anautazama jirani kila asubuhi kuliko unavyoutazama wewe.

Hata hivyo, wajibu hauko upande mmoja. Kamati nayo ina mambo manne ya kutimiza kabla ya kumwandikia mtu barua ya faini.

La kwanza, kanuni iandikwe ikaeleweka. Kusema "rangi ya krimu" hakutoshi, kwa kuwa krimu ziko nyingi na kila kiwanda kina yake. Iandikwe namba ya rangi iliyo kwenye mkebe, na itajwe ni ya kuta, ya milango au ya vyuma vya madirisha. Mtu hawezi kutozwa faini kwa kukosea jambo ambalo halikuandikwa.

La pili, wenye nyumba washirikishwe. Tukumbuke yaliyotokea Mombasa mwaka 2018, serikali ya kaunti ilipowataka wenye majengo ya katikati ya jiji na Mji wa Kale wapake nyeupe na buluu. Nia ilikuwa kuupendezesha mji. Lakini wengi walilalamikia gharama, na wakauliza ni nani aliyewashauri kabla ya amri kutoka. Ile ilikuwa serikali na hapa tunazungumzia kamati ya mtaa, lakini somo ni moja: rangi inayotoka mezani kwa watu wachache huleta ubishi, hata ikiwa nzuri.

La tatu, kanuni izingatie ukuta wenyewe. Nyumba za kale za Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Kuta hizo hupumua. Ukizifunika kwa saruji au rangi ya mafuta, unyevu hubaki ndani, na baada ya muda lipu huvimba na kubanduka. Hata kwenye nyumba za kisasa, kupaka ukuta uliolowa ni kutupa pesa. Basi kamati inayotoa muhula unaomalizika mwezi wa Mei, katikati ya masika, inawalazimisha watu kupaka rangi itakayoharibika kabla ya mwaka kwisha. Waulizwe mafundi kwanza.

La nne, na ndilo zito zaidi, uwezo wa watu uangaliwe. Anayedhani kupaka nyumba ni bei ya mkebe wa rangi hajawahi kuita fundi. Kuna kukwangua rangi kuukuu, kupiga msasa, kuziba nyufa, kupaka rangi ya msingi, kisha mikono miwili ya rangi yenyewe, na nyumba ya ghorofa inataka jukwaa la kukodi. Kwa mjane mwenye watoto shuleni, au mzee anayeishi kwa pensheni, hizo ni karo za muhula mzima. Kumwongezea faini mtu wa namna hii ni kumchukulia zile zile pesa ambazo angenunulia rangi.

Vibaya zaidi ni kamati kumfungia mtu maji kwa ajili ya rangi. Ibara ya 43 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha. Ukuta uliochujuka haumdhuru mtu. Watoto waliokosa maji wanadhurika siku hiyo hiyo.

Wako watakaosema, "Mkifungua mlango huu, kila mtu atajifanya maskini." Hoja hii tunaielewa, lakini kumwongezea mtu muda si kumsamehe. Na ipo njia isiyomdhalilisha yeyote. Kila nyumba itoe kiasi kidogo kila mwezi katika mfuko wa rangi. Ukifika wakati, rangi inunuliwe kwa jumla na fundi mmoja apewe safu nzima. Gharama ya kila nyumba hupungua, rangi hufanana bila kulazimishana, na hapajulikani nani alikuwa nacho na nani hakuwa nacho. Palipo na mgogoro, uanzie kwenye usuluhishi. Ile sheria ya mwaka 2020 yenyewe imetoa nafasi ya kamati ya ndani ya kusuluhisha migogoro.

Kwa upande wa familia, tunausia haya. Someni masharti kabla ya kulipa amana ya nyumba. Ombeni idhini kwa maandishi, na mjibiwe kwa maandishi, kabla fundi hajagusa ukuta. Pakeni kipande kidogo kwanza mkitazame asubuhi na alasiri, kwani rangi ya dukani si ile ya juani. Na mkutano wa mwaka ukiitishwa, nendeni, kina baba na kina mama. Anayekosa mkutano kila mwaka asishangae kukuta ameamuliwa.

Nanyi wanafunzi, mna kazi hapa. Mikataba hii huandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, na wengi wa mabibi na mababu zetu hutia sahihi kwa kuamini tu. Kaeni nao, wasomeeni kifungu baada ya kifungu, waelezeni kwa lugha yao. Huenda nusu saa hiyo ikamwokoa bibi yako na faini ya miaka.

Mtaa ukipendeza ni heri. Lakini mtaa ambao kuta zake zinafanana na majirani hawasalimiani, bado haujapendeza.

Wabillahi tawfiq.