Bomba la Hewa Baridi: Nguvu au Kelele?

Barua ya juma hili imetoka Homa Bay. Mama mmoja mfanyabiashara wa omena ana pikapu ya dizeli yenye turbo, ambayo hupakia magunia ufuoni mwa ziwa na kuyapeleka Migori kwa njia ya Rodi Kopany, Rongo na Awendo. Mara nyingine huteremka hadi Karungu na Muhuru, na huko hula vumbi kisawasawa. Anasema gari limeanza kuchoka kwenye miinuko na kutoa moshi mweusi. Kijana wake, mwanafunzi wa chuo, amemshauri ang'oe sanduku la filta ya hewa lililotoka kiwandani na kufunga lile bomba la chuma linalong'aa, lenye filta iliyochongoka kama koni mbele yake. Wauzaji huliita bomba la hewa baridi. Kijana ameahidiwa nguvu za farasi 15 zaidi, na mafuta kupungua juu yake. Bei inakaribia karo ya muhula mmoja ya mdogo wake, na Mama anauliza atangulize lipi.

Tanguliza karo, Mama. Lakini kijana si mjinga, na yafaa aelezwe ni kwa nini.

Wazo lenyewe lina ukweli ndani yake. Hewa baridi ni nzito kuliko hewa ya moto. Ikiwa chini ya boneti kuna joto la nyuzi 60 na nje ni nyuzi 30, basi hewa ya nje ni nzito zaidi kwa takriban asilimia 10 katika ujazo ule ule. Injini ya petroli ikipata hewa nzito huweza kuchoma mafuta mengi zaidi kwa pumzi moja, na nguvu ikaongezeka. Magari mengi ya zamani ya Marekani, yale ya kabureta yenye filta ya duara iliyokalia injini kama sufuria juu ya jiko, yalivuta hewa ya moto kutoka chini ya boneti. Kwa magari hayo, bomba la kuleta hewa ya nje lilikuwa na maana kamili.

Waundaji wa pikapu za siku hizi walilijua jambo hilo kabla yetu. Fungua boneti ya Hilux ya sasa, au D-Max zile zinazounganishwa Nairobi, kisha fuata kwa mkono bomba linalotoka kwenye sanduku la filta. Utaona mdomo wake umeelekezwa pembeni, penye madigadi ya mbele, mahali ambapo hewa ya nje huingia bila kupita juu ya injini. Kwa maneno mengine, pikapu hiyo ilinunuliwa ikiwa na bomba lake la hewa baridi tayari, ila halikupakwa rangi ya kung'aa.

Kichekesho ni kwamba nyingi katika hizo zinazouzwa madukani huja na koni iliyo wazi, haina sanduku la kuikinga. Ukishaifunga, filta inakaa uchi kando ya injini na kuvuta joto lile lile ulilolipa pesa kulikimbia.

Halafu kuna suala la dizeli. Injini ya dizeli kwa kawaida huvuta hewa zaidi ya ile inayohitaji kuchomea mafuta yake, na nguvu zake huamuliwa na kiasi cha mafuta ambacho kompyuta inaruhusu kumiminwa. Ukiongeza hewa pekee bila kugusa mafuta, umempa mgeni sahani ya pili na chakula ni kile kile. Tena turbo inapoigandamiza hewa huipasha moto, ikiwa kazini sana hupita nyuzi 100, ndipo hewa hiyo hupitishwa kwenye intakula ili ipozwe kabla ya kuingia kwenye silinda. Nyuzi mbili tatu ulizookoa mlangoni hupotelea njiani.

Najua kijana atasema habari ya mwinuko, na ana haki kuuliza. Ziwa Victoria liko mita 1,134 hivi juu ya bahari, na msukumo wa hewa hapo ni pungufu kwa asilimia 12 au 13 kuliko Mombasa. Gari la petroli lisilo na turbo hulihisi pengo hilo. Lakini turbo iliwekwa kufidia upungufu wa namna hiyo hiyo, wala hakuna bomba, liwe la chuma au la plastiki, linaloweza kuifanya hewa ya Homa Bay kuwa ya Mombasa.

Kitu kimoja ambacho bomba hili huleta bila shaka ni sauti. Turbo hulia kwa kishindo, dereva akadhani anapaa. Mwenye kupenda sauti na ainunue sauti, mradi ajue ni sauti anayonunua. Na mwenye kubadilisha turbo na mpangilio wa mafuta kwa ajili ya mashindano ana hesabu nyingine, ila huyo hapakii omena.

Sasa tuje kwenye vumbi, maana hapa ndipo penye hatari. Vumbi la barabara zetu lina chembe za mchanga mgumu sana. Likipenya filta, kwanza hukwangua mapanga ya turbo, kisha likichanganyika na oili huzisaga ringi za pistoni na kuta za silinda kama msasa. Filta nzuri ya karatasi hukamata zaidi ya asilimia 99 ya vumbi katika vipimo vya maabara. Kuna hata kanuni ya kimataifa ya kupimia, iitwayo ISO 5011. Filta nyingi za koni ni za pamba iliyopakwa mafuta, na hizo hupitisha hewa kwa urahisi kwa sababu matundu yake ni makubwa zaidi.

Wanafunzi wachukue kalamu. Tuseme filta moja inakamata asilimia 99.5 na nyingine asilimia 97. Kwa haraka utaona tofauti ni ndogo, mbili na nusu tu. Lakini injini haihesabu kilichokamatwa, inahesabu kilichopita. Ya kwanza imepitisha nusu, ya pili imepitisha tatu: vumbi mara sita zaidi. Katika jiji lenye lami pengine hutalijua hilo kwa miaka. Nyuma ya trekta la miwa karibu na Awendo wakati wa kiangazi, ni jambo jingine kabisa.

Zaidi ya hayo, mafuta ya pamba yakizidi hupeperushwa hadi kwenye ile sensa ndogo inayopima hewa iingiayo. Ikishachafuka humdanganya kompyuta, na gari huanza kukosa nguvu. Umelipa ili kuutibu ugonjwa, ukaununua ule ule. Na kama gari bado lina dhamana, muuzaji aweza kukataa kutengeneza injini iliyoharibiwa na vumbi akiona kifaa kisicho chake.

Ikiwa lazima kijana afunge kitu, basi afikirie snokeli, lile bomba linalopanda pembeni mwa kioo hadi usawa wa paa. Wanaokumbuka Safari Rally ya miaka ya 1990 waliyaona kwenye magari ya mashindano, na hayakuwekwa kwa urembo. Juu pale vumbi la gari lililotangulia si zito kama huku chini, na Mto Kuja unapofurika upande wa Nyatike, injini haivuti maji, ambayo huweza kupinda vyuma vinavyoshika pistoni kwa dakika moja. Lakini kila kiungo hadi kwenye sanduku kizibwe sawasawa. Nimeziona snokeli zilizofungwa kwa skrubu mbili za urembo, huku mdomo wa zamani ungali wazi ndani ya madigadi. Wala snokeli haigeuzi pikapu kuwa mashua.

Turudi kwa moshi mweusi. Moshi huo aghalabu ni dalili kwamba mafuta ni mengi kuliko hewa, na kabla ya kununua chochote fundi atazame mambo ambayo hayana gharama kubwa. Filta ya karatasi ikiwa imeziba, inunuliwe mpya iliyo halisi. Ile desturi ya kuipuliza kwa upepo wa kituo cha petroli kila Jumamosi hutoboa karatasi, na tundu usiloliona kwa jicho linatosha kuingiza vumbi la safari nzima. Kisha apapase mipira ya kutoka turbo hadi intakula. Iliyopasuka huwa na mafuta mafuta kwenye ufa, na hulia mvumo gari likipanda mlima. Klipu iliyolegea hukazwa kwa bisibisi tu.

Mwisho, Mama, mwambie kijana afungue bomba lililo baada ya filta, upande wa injini, na kupitisha kitambaa cheupe ndani yake. Kikitoka safi, sanduku la kiwandani linafanya kazi yake na liachwe hapo. Kikitoka na wekundu wa vumbi, hewa inaingia pembeni mwa filta, na gari lisipande tena mlima na mzigo mpaka mahali hapo papatikane.

Jumapili ijayo: betri zinazokufa kabla ya mwaka.