Mlango wa Darasa la Wazee Usifungwe

Ndugu zangu walimu, nimekaa kimya mwaka mzima juu ya jambo hili, nikidhani litapita lenyewe kama upepo wa kusi. Walakini halikupita, na sasa naona kunyamaza ni kukubali.

Katika kijiji chetu cha pwani, upande wa kusini wa Tanga, liko darasa la wazee. Wanafunzi wake ni 19. Mdogo wao ana miaka 58, na mkubwa wao hajui miaka yake, ila asema alikuwa amekwisha kuolewa bendera ilipobadilishwa mwaka 1961. Hukutana kila Alhamisi baada ya alasiri katika chumba kimoja cha shule, saa ambayo watoto wamekwisha kwenda kwao. Hawapewi mtihani, wala cheti, wala posho. Waja kwa kuwa wapenda kujua. Basi wako watu wenye sauti katika mambo ya shule wanaotaka wazee hawa waondolewe, chumba kipewe masomo ya ziada ya kulipia. Na sababu iliyotolewa mkutanoni ndiyo iliyonishikisha kalamu. Mmoja alisema, na wengine wakacheka: "Wazee wale wanasomea nini? Cheti cha kaburini?"

Mimi sikucheka. Hebu niwaeleze yaliyotokea darasani, kisha mhukumu wenyewe.

Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa. Kule Rujewa, Mbarali, watu walikusanyika wakaliona likiwa pete ya moto; huku kwetu lilimegwa tu, lakini lilimegwa sana, na nuru ya mchana ikawa ngeni, kama nuru ya ndotoni. Watoto walipewa maelezo yao shuleni. Wazee hawakupewa maelezo na mtu. Darasa letu lilipoanza mwaka uliofuata, naliwauliza wanataka kujifunza nini, nami moyoni nalitazamia waseme kuku na mbolea. Neno la kwanza lilikuwa hili: tuambie habari za jua lile.

Nalileta taa ya chemli, chungwa na ndimu. Taa ndiyo jua, chungwa ndiyo dunia, ndimu ndiyo mwezi. Nalifunga madirisha, nikazungusha ndimu, kivuli kikapita juu ya chungwa, wote wakaguna kwa furaha. Bibi mmoja alitazama kimya mpaka mwisho. Tangu usichana wake amechokoa pweza miambani, wala hakupata kukaa darasani hata siku moja kabla ya kisomo cha mwaka 1971. Kisha alisema, "Mwanangu, umesema mwezi huizunguka dunia kila mwezi. Basi kila mwezi iko siku ya kupita mbele ya jua. Mbona jua halipatwi kila mwezi?"

Ndugu zangu, nimefundisha miaka 22. Nimeonyesha taa ile na chungwa lile mbele ya watoto mara nisizoweza kuzihesabu. Wameandika, wamechora, wamepata alama zao. Hapana hata mmoja aliyepata kuniuliza neno hilo. Tena niseme kweli yote: mimi mwenyewe sikuwa na jibu. Nalimwambia, "Bibi, nipe juma moja." Nalirudi nyumbani nikatafuta, nikaona kwamba njia ya mwezi haikulala sawasawa na njia ya dunia, bali imeinama yapata nyuzi 5, kwa hiyo miezi mingi kivuli cha mwezi hupita juu ya dunia au chini yake, hakiigusi. Alhamisi iliyofuata nalilieleza hilo. Bibi akaitwaa ndimu mkononi mwangu, akaizungusha mwenyewe kwa kuiinamisha, mara tatu, akasema, "Sasa nimeona."

Haya ndiyo yanayoitwa upotevu wa chumba.

Wanaotupinga wana silaha moja ya zamani, nayo ni methali: Samaki mkunje angali mbichi. Naiheshimu methali hiyo mahali pake, na mahali pake ni malezi. Lakini itazameni vema. Samaki yule, awe mbichi au mkavu, amekwisha kufa. Anakunjwa na mkono wa mwingine apate kuenea kikapuni. Je, hiyo ndiyo sura ya mtu anayejifunza? Mtoto huja shuleni kwa kutumwa na wazazi, na mara nyingine kwa kuogopa fimbo. Mzee hutembea mwenyewe, na magoti yanamwuma. Kati ya hao wawili, yupi hasa aliye samaki?

Wala msidhani nategemea bibi mmoja tu. Mwaka 1956, huko Seattle, Marekani, mtaalamu K. Warner Schaie alianza kupima akili za watu wazima, akawa akiwarudia kila miaka saba kwa muda mrefu. Aliona kwamba kwa watu wengi nguvu za akili hazipungui sana mpaka miaka 60 imefika au kupita, na ujuzi wa maneno hudumu kuliko wepesi wa kujibu. Mwaka 1986 yeye na mwenziwe Sherry Willis walitoa habari za wazee wa miaka 64 na zaidi waliofundishwa kwa saa tano tu. Wengi waliendelea; na katika wale ambao nguvu zao zilikuwa zimeshuka, karibu wanne katika kila kumi walirudi katika kadiri waliyokuwa nayo miaka 14 nyuma. Saa tano! Sisi tumetumia zaidi ya hizo katika vikao vya kubishana juu ya ufunguo.

Silaha yao ya pili ni nzito zaidi, nayo ni neno "faida". Hapa yanipasa kwenda polepole, kwa kuwa neno hili tulilirithi kwa watu wema. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1967 yapata theluthi mbili za watu wazima wa Tanzania hawakujua kusoma. Ilipofika mwaka 1986 waliosalia hawakufika kumi katika mia. Ni nchi gani nyingine maskini kama yetu iliyofanya hivyo kwa miaka isiyozidi ishirini? Huko Mwanza, kati ya mwaka 1968 na 1972, vilitungwa vitabu vya kisomo vyenye habari za pamba, ndizi na uvuvi, ili mtu ajifunze herufi pamoja na kazi yake. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 wakakaa vikundi vikundi mbele ya redio, wakatoka wakachimba vyoo. Sina neno baya juu ya kazi hiyo. Bibi wangu wa pweza ni matunda yake.

Lakini kazi hiyo ilituachia desturi moja ambayo sasa yatudhuru: desturi ya kumpa mzee elimu kama dawa, kwa kipimo, na kwa ugonjwa fulani. Apewe habari za choo kwa kuwa yuko kipindupindu. Apewe habari za pamba kwa kuwa taifa lataka pamba. Siku akiuliza habari za jua na mwezi, twamtazama kama mgonjwa aliyeomba asali badala ya kwinini. Na siku hizi hata dawa ile tumeipunguza. Tajeni leo "elimu ya watu wazima" mbele ya watu kumi, mwone wangapi watafikiri kwanza kijana aliyekosa mtihani wa Kidato cha Nne na ataka kuurudia. Kijana huyo na asaidiwe, naye ana haki. Ila mzee amefukuzwa hata katika jina lake mwenyewe.

Ningeweza kuwajibu kwa faida, kama wapendavyo. Tulisoma katika darasa letu Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inayompa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume, na baada ya somo lile wajane wawili walikwenda kudai mashamba yao bila kuinamisha vichwa. Watu wa faida wakisikia hivyo watasema, "Kumbe darasa lafaa!" Lakini siijengi hoja yangu hapo, maana nikiijenga hapo, Alhamisi isiyokuwa na shamba la kudai itakuwa haina haki ya kuwapo. Mtu mzima aliyelima, akalea, akazika, akalipa kodi miaka arobaini, hana deni la kueleza kwa nini ataka kujua jambo.

Tena twajidanganya, maana kwa wakubwa hatuulizi swali hilo. Nyerere alikuwa Rais, mwenye shughuli zisizo na mwisho, alipochapisha Mabepari wa Venisi mwaka 1969, tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare. Mwaka 1996, naye amekwisha kutimiza miaka 74, zilitolewa Injili alizozigeuza kuwa tenzi za Kiswahili. Nani alimwuliza, "Mzee, haya ni ya cheti gani?" Twamsifu, na twafanya vema. Basi mchokoa pweza akiwa na kiu ileile, mbona kwake imegeuka kichekesho?

Nao wako wanaotusifu, na sifa zao huniudhi karibu sawa na kicheko. Wote mwamkumbuka mzee Kimani Maruge wa Kenya. Masomo ya msingi yalifanywa kuwa ya bure kule mwaka 2003, na Januari 2004, akiwa na miaka 84, alivaa sare na kaptula akaingia darasa la kwanza katika shule moja ya Eldoret. Alitaka, pamoja na mengine, aweze kuisoma Biblia mwenyewe. Mwaka 2005 alisafiri mpaka New York kusema mbele ya Umoja wa Mataifa, na baada ya fujo za uchaguzi wa mwisho wa mwaka 2007, alipokuwa akiishi katika kambi ya wakimbizi, aliendelea kwenda shule. Alifariki Agosti 2009. Dunia nzima ilimpiga picha, ikatabasamu. Lakini nani aliyeuliza kwa nini mzee wa miaka 84 alilazimika kuvaa kaptula na kubanwa katika dawati la mtoto wa miaka sita? Alifanya hivyo kwa sababu hakuona mlango mwingine ulio wazi. Picha ile ni sifa kwake. Kwetu sisi walimu wa Afrika ya Mashariki ni aibu, nasi tumeitundika ukutani kama pambo.

Watasema darasa la wazee ni mambo ya Wazungu. Ni kweli kwamba mwaka 1973, katika mji wa Toulouse, Ufaransa, Pierre Vellas alianzisha chuo cha watu waliostaafu. Na kuanzia miaka ya 1980 Waingereza, akiwamo Peter Laslett wa Cambridge, walikigeuza kwa namna yao: hapana mwalimu wa kulipwa, hapana mtihani, ajuaye historia hufundisha historia, kisha hukaa chini kufundishwa muziki na mwenziwe. Lakini jambo lenyewe si geni hapa pwani. Piteni penye msikiti kati ya magharibi na isha, mwone darsa. Wamo wazee wenye mvi, mbele yao kitabu, nao wamekisoma kitabu kilekile labda mara tano. Sijapata kusikia mtu akisimama mlangoni kuwauliza watapata kazi gani. Sisi wenye shule za serikali na za misioni ndio tuliokwenda kuamini kwamba elimu ni ngazi ya kupandia mshahara, na kwamba aliyekwisha kustaafu, akifika miaka 60, hana haja na ngazi.

Sasa nakuja kwenye hoja yao moja iliyo na uzito, wala sitaikwepa. Watoto wetu wana mtihani, na chumba ni kimoja. Mtoto akikosa nafasi leo, hasara yake ni ya miaka mingi; mzee amekwisha kuishi. Kama kweli ingekuwa lazima kuchagua kati ya dawati la mtoto na kiti cha bibi, bibi mwenyewe angesimama kabla hajaambiwa. Nawajua wanafunzi wangu. Lakini si hivyo. Chumba kile, baada ya alasiri, hukaa kitupu Jumatatu, Jumanne, Jumatano na Ijumaa, popo na vumbi ndio wanafunzi wake. Masomo ya ziada yangaliweza kuanza kesho katika siku hizo nne. Mbona yataka Alhamisi tu? Nalilisema hili mkutanoni, wala sikujibiwa. Niliambiwa tu kwamba wazee "wanaharibu sura ya shule".

Uamuzi utatolewa mwisho wa mwezi huu. Nawaomba ninyi walimu wa vijiji vya jirani mje mkutanoni, nanyi mseme, maana likifungwa darasa letu mtasikia hoja hizohizo kwenu.

Kwa Alhamisi ijayo tumepanga habari za maji kujaa na kupwa. Bibi wa pweza amekwisha kuniwahi. Amesema yeye ajua tangu utoto kwamba mwamba hukauka sana siku za bamvua, mwezi uandamapo na mwezi uwapo mpevu. Ayajua pia maji mafu yaliyo katikati. Ataka kujua kwa nini bamvua huja mara mbili katika mwezi mmoja, na si mara moja. Nimekwisha kuanza kutafuta. Wakiufunga mlango, tutakaa chini ya mwembe ulio nyuma ya shule, nami nitachukua taa na chungwa. Ila jua la saa kumi ni kali, na taa haitaonekana vema.